Korongo Chini ya Magunia

3 Februari

Mjomba wangu, shikamoo.

Hapo juu pembeni utaona dole la uji. Ni sahihi ya mjukuu wako. Sasa hivi tu, nilipogeuka kutafuta kalamu, amepanda kiti, amechovya dole gumba bakulini na kulipiga kwenye karatasi, paa! Kisha akaniangalia kama karani aliyemaliza kazi ya siku. Nilitaka kuchukua karatasi nyingine, nikasema hapana, acha na yeye akusalimie. Hapo palipotoboka alikuwa anasisitiza.

Sisi tu wazima. Baba yake bado yuko kwenye ujenzi wa ile shule, anarudi Jumamosi na saruji mpaka kwenye kope. Mama mkwe wangu mguu umepata nafuu. Mdomo haujawahi kuugua. Mimi niko na cherehani yangu, nashona sare za watoto, na huyu Kibibi anakua. Tumembandika jina hilo kwa sababu paji la uso ni la marehemu mama, na amri ni za marehemu mama.

Mjomba, nimemwona Korongo.

Nilipeleka mahindi kusaga. Kibibi akamkimbiza kuku, kuku akaingia chini ya rundo la magunia nyuma ya mashine, na mimi nikainama kumvuta mtoto mguu. Nikaona madigadi ya mbele, ile iliyonyanyuka juu ya tairi kama mdomo wa ndege. Nikaijua palepale. Nilipiga magoti kwenye pumba nikaanza kuondoa gunia moja moja, watu wa foleni wananitazama wakidhani nimepoteza pete.

Yeye ndiye. Mrefu vilevile, mwembamba, miguu mirefu, tairi zenye meno makubwa ingawa zimelala chini kama nguo zilizovuliwa. Ekzosi bado imepanda juu ubavuni, vile ulivyokuwa unaniambia kwamba Korongo anavuka mto bila kumeza maji. Kuku anatagia juu ya kiti. Panya wamekula nyaya. Tangi lina kutu, lakini nilipolifuta kwa kanga rangi nyekundu ikatokea, na ule mkwaruzo wa kufuli la sanduku la mama la ukunga bado upo. Sijui nikueleze vipi. Ni kama kumkuta mtu wa heshima amelala stendi.

Mwenye mashine anasema ulimwachia wewe ulipoondoka. Mwenyewe hana tatizo na mimi, tatizo lake ni ahadi. Mnunuzi wa chuma chakavu ameshaahidiwa kila chuma kilicho nyuma pale, na atakuja na gari lake mvua zikipumzika na barabara ikikauka. Nikamwambia, "Baba, huyu si chuma chakavu." Akacheka mpaka unga ukamdondoka kwenye nyusi. "Chuma chakavu ni kile kisichosema," akaniambia. "Ukimfanya aseme kabla gari halijafika, nitamtoa kwenye lundo na sitakuwa nimevunja ahadi. Asiposema, anakwenda kuyeyushwa na masufuria."

Kibaraza chake amenipa. Spana atanikopesha. Ninachokosa ni wewe. Niambie naanzia wapi.

Mpwa wako.


27 Februari

Mpwa wangu, marahaba. Dole la uji limefika salama na limebandikwa ukutani juu ya kitanda.

Huku ni kwema. Mvua imenyesha, paa linavuja upande ule ambao silali, kwa hiyo bado ni rafiki. Paka wa mwenye nyumba amezaa kwenye sanduku langu la nguo na sasa mimi ndiye mgeni. Nimefurahi kusikia mguu wa mama mkwe wako. Msalimie mguu, na mdomo pia.

Kuhusu ile pikipiki, iache. Chuma kina umri wake kama watu. Imekaa na mvua, imekaa na kuku, pistoni itakuwa imeshikana na silinda kama ndoa ya kanisani. Wewe una mtoto na una sare za kushona.

Kazini kwema.

Mjomba wako.

(Mimi ninayeandika ni jirani yake, fundi viatu. Mjomba wako ana shughuli nyingi. Ndivyo alivyoniambia niandike.)


10 Machi

Mjomba, shikamoo, na salamu kwa fundi viatu. Mwambie ana hati nzuri kuliko yako. Yako herufi ya m ilikuwa na mguu wa nne kila siku, na mimi nilikuwa nautafuta.

Kibibi amejifunza neno la "hapana" na hana matumizi ya neno lingine. Baba yake alikuja Jumamosi, nikamwonyesha Korongo. Akazunguka mara mbili, akakuna kichwa, akasema, "Mke wangu, wenzio wanaomba kabati." Lakini Jumapili nilimkuta amenitengenezea stendi ya mbao ya kumsimamishia. Mama mkwe ndiye bado. Jana ameniambia mbele ya foleni nzima, "Mwanamke na dude la mafuta! Likikuponda huko, sare za watu atashona nani, kuku?"

Sasa nakuambia na wewe. Mama alikuwa anasema, ukimwuliza mdogo wake jambo akalizunguka, ana kitu mfukoni, msubiri akae kitamchoma. Sikuulizi kilichomo mfukoni. Nakaa tu nasubiri.

Lakini unakumbuka zile jioni? Mimi na wewe tumekaa mlangoni, unanimenyea muwa, na Korongo hata hajafika darajani. Wewe unainua kidole. "Mnyororo umelegea." Au, "Leo amekunywa petroli ya mkosi." Mama anafika, hajavua hata kofia, anakuuliza, "Haya daktari, leo umesikia nini?" Sijawahi kukuona umekosea. Wenzako wanafungua ndipo wanajua. Wewe ulikuwa unajua ndipo unafungua. Mimi nilidhani watu wote wana masikio ya namna hiyo, mpaka nilipoolewa.

Simtaki kwa pambo. Zahanati ipo palepale na njia ya mlimani aliyokuwa akipanda mama na Korongo ipo vilevile. Gari lao likiona wingu tu linagoma, na mama zetu wa kule juu wanasubiri kukauke kwanza ndipo wajifungue, kana kwamba mtoto anaweza kuambiwa apige hodi baadaye. Muuguzi wa sasa anapanda kwa miguu na mkoba kichwani. Namwona akipita hapa mlangoni, na moyoni nasema Korongo yuko hapo amelaliwa na kuku.

Nimeanza. Nimehamisha mayai kwa heshima zote. Nimekanyaga kiki kwa mguu wote, haishuki hata kidogo, amesimama kama mwamba. Nifanye nini?

Mpwa wako.


29 Machi

Mpwa wangu mwenye kichwa cha jiwe, marahaba.

Paka wamefumbua macho. Mmoja amepewa jina la Mwenye Nyumba kwa sababu anapita usiku na mchana kukagua. Huku ni kwema.

Kwanza, acha kumkanyaga. Hakuna aliyeamshwa vizuri kwa teke. Toa plagi, mimina oili kwenye tundu lake, mwache anywe. Kila asubuhi mtikise taratibu kwenye gia, mbele na nyuma, kama unavyombembeleza mtoto asiyetaka kunyonya. Akilegea, shukuru. Asipolegea, utamfungua.

Ukifungua, kila bolti ina nyumba yake. Ndefu ikiingia kwa fupi, umeua. Silinda igonge kwa mti uliofungwa kitambaa, kidogo kidogo, kuzunguka, na usimpige kwa hasira za mama mkwe wako. Gasketi, ile karatasi ya kuziba chini ya silinda, itachanika, hiyo usilie. Kata mpya kwa karatasi ngumu iliyolainishwa kwa oili. Tangi litie changarawe na maji ya sabuni, mpe mjukuu wangu alitikise, hiyo ni kazi yake. Kabureta vua vyote, pulizia kila kitundu mpaka uone mwanga upande wa pili. Nyaya za panya badili zote, usiungeunge.

Na siku akiamka, usiniandikie eti "ananguruma". Kila mtu anajua kunguruma. Niandikie anasema nini, maneno yake kama yalivyo.

Mjomba wako.

(Fundi viatu tena. Amezungumza amesimama, anatembea toka dirishani mpaka mlangoni, chai imepoa. Sijapata kumwona hivi. Kuna jambo nilitaka kuliongeza hapa, amenikataza, kwa hiyo siliongezi.)


18 Aprili

Mjomba shikamoo, shikamoo, shikamoo! Tatu, moja ni ya Kibibi na moja ni ya Korongo.

Tu wazima. Mvua zinaanza kupungua, na mimi kila mtu anaposhukuru jua nakunja uso. Mama mkwe anatembea sasa bila fimbo. Amehamishia kigoda chake kibarazani kwa mashine, anasema anafuata kivuli. Kivuli kiko nyumbani tele.

Oili alikunywa, akakataa kulegea. Basi nikamfungua. Kwa habari ya bolti na nyumba zake, nilichukua shuka kuukuu, nikachora kwa chaki injini yote ilivyo, na kila bolti niliyoitoa nikaishonea palepale pake kwa uzi, na washa yake na nati yake. Mwenye mashine alipoiona imetandikwa kwenye kamba akavua kofia. Watu wa foleni sasa wanakuja kusoma shuka. Hakuna hata moja iliyokosa nyumba, mjomba. Ungeona!

Silinda niliigonga kwa mchi uliofungwa kanga, siku nyingi, taratibu, naimba. Mama mkwe akasema, "Unatwanga nini, huo ni chuma!" Siku ilipoachia ilitoa sauti kama mtu anayeshusha pumzi, nami nikakaa chini nikalia. Na yeye nilimwona anajifuta. Alisema ni unga.

Gasketi nimeikata mwenyewe na nimejivunia sana. Nilipima kwa chaki, nikaacha nafasi ya mshono pande zote, na kwenye matundu pia, maana ukikata sawasawa na alama nguo itambana mtu. Tundu kubwa nililazimika kulipunguza, pistoni iligoma kupita. Yale ya bolti yalijitoboa yenyewe. Na kile kitundu kidogo cha pembeni kimezibika, lakini hakipitishi bolti yoyote, nikajua ni alama tu ya kiwandani.

Tangi Kibibi alilitikisa na changarawe, akawa analicheza kama ngoma. Lilitoka jeupe ndani.

Na jana, mjomba, ameamka! Kiki ya kwanza akakohoa. Ya pili akapiga chafya, moshi, kuku wote wakapanda paa. Kisha akashika. Hivi ndivyo alivyosema:

Tuku. Tuku. Tuku-tuku-tuku-tuku, nzito, kutoka tumboni, kama zamani. Nilimwona mama. Lakini baada ya muda kidogo, kichwani, juu kabisa, akaanza jambo jingine: ti-ti-ti-ti, kavu, kama mtu anagonga sufuria tupu kwa kijiko. Nikamzima. Mwenye mashine akapiga kelele, "Mwache aseme!" Nikakataa. Mtoto anayelia kwa hasira na anayelia kwa kiu hawalii sawa, na huyu analia kwa kiu. Sijui nimejuaje. Oili nimemwekea mpaka mstari.

Sasa nimekwama. Mnunuzi wa chuma ametuma salamu kwamba yuko njiani vijiji vya chini, na mwenye mashine anasema neno ni neno, lazima mnunuzi naye amsikie kwa masikio yake. Naogopa kumwasha na naogopa kutomwasha. Nijibu haraka.

Mpwa wako.


2 Mei

Mpwa wangu, marahaba zote tatu.

Salamu baadaye. USIMWASHE.

Huyo ana kiu kweli, na hongera kwa kumsikia. Ungemwacha aseme kama alivyotaka mwenye mashine, kichwa kingeungua na ungebaki na sufuria kweli. Kile kitundu kidogo si alama ya kiwandani. Ndiyo koo. Oili inapanda hapo kwenda kichwani. Wewe umemshonea mtu shati ukamfunga na shingo.

Nilipofika pale penye nafasi ya mshono nilicheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta, na paka akajibu. Toka uko mdogo unakata nguo za vikaragosi unaacha nafasi! Mpwa wangu, chuma hakinenepi wala hakipati mimba. Weka karatasi juu ya silinda, gonga kingo zake kwa kinyundo kidogo, chuma chenyewe kitaikata. Tundu likiwa dogo kama punje, liache kama punje, lakini liwe wazi.

Lile shuka. Nimekuwa fundi umri wangu wote, bolti nazitia kwenye makopo ya maziwa. Nimemfanya jirani anisomee mara mbili.

Nakutumia mzigo kwa mkono wa kondakta wa basi. Ni vitu vinavyonibania nafasi tu chumbani.

Mjomba wako.

(Fundi viatu. Chumba chake kina nafasi tele. Hilo hakunikataza. Hapo chini amechukua kalamu mwenyewe.)

Kwako, fundi.


26 Mei

Mjomba wangu, shikamoo.

Kibibi hajambo, ana jino jipya na amelijaribu kwenye bega langu. Baba yake yumo, ujenzi umesimama kwa sababu mvua imerudi tena kwa hasira. Mguu wa mama mkwe umepona kabisa. Mdomo nao una kazi mpya, nitakueleza.

Barua yako na mzigo vilifika siku moja, na gari la mnunuzi lilifika kesho yake. Sikulala, lakini nilikesha kwa raha. Nilimfungua Korongo kwa kufuata shuka, nikagonga karatasi kwa kinyundo chako ulivyosema, na kweli chuma kikaikata chenyewe, safi kuliko mkasi wangu. Kitundu nikakichungulia, nikaona mwanga. Asubuhi nikawa nakaza bolti ya mwisho na gari linaingia uani, wanapakia mabati na masufuria.

Mnunuzi akaja akamshika usukani. "Na hii?" Mwenye mashine akaniangalia. Nikapangusa mikono kwenye kanga, nikakanyaga. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Mnunuzi akasema, "Dada, tusichelewe." Hapo ndipo mama mkwe aliponyanyuka kwenye kigoda. "Wewe baba, wewe ukiamshwa unaamka mara ya kwanza? Mwache mtoto wa watu amwamshe!" Foleni nzima ikaguna.

Ya tatu akashika. Tuku-tuku-tuku-tuku-tuku. Nikasubiri. Watu wanashangilia, mimi sikio nimelitega juu, nasubiri ile ti-ti-ti. Nikahesabu moyoni, nikahesabu tena. Haikuja. Kichwani kimya, mjomba, laini, kama cherehani iliyotoka kupakwa mafuta. Tuku-tuku mpaka unga ukawa unadondoka kwenye boriti. Mnunuzi aliondoa mkono wake kwenye usukani taratibu, kama mtu aliyekosea mlango. Mwenye mashine akampigia kelele, "Umesikia? Huyo si chakavu!" Basi, ni wetu.

Kuendesha nako nimejifunza, kwenye uwanja wa shule, baba Kibibi akikimbia pembeni na mikono mbele kama anayefukuza bata. Nimeanguka mara moja kwenye bustani ya mboga ya mwalimu. Sasa naenda mpaka darajani na kurudi. Miguu inafika chini kwa vidole tu. Mama alikuwa mrefu kama mimi au nasahau?

Sasa, ule mzigo. Spana zako zote, zimefungwa ndani ya ovaroli ya bluu, kila moja imepakwa grisi na kukunjiwa gazeti lake. Ile kubwa mpini umelika mahali pa dole gumba lako. Nimeweka langu hapo, panabaki nafasi. Mtu hafungi hivyo vitu vinavyombania chumba. Na ule mstari wa mwisho uliouandika mwenyewe, maneno mawili tu, nimeyasoma. Herufi zinapanda na kushuka kama njia ya mlimani, ilinichukua muda, lakini nimefika. Na m haikuhitajika, ungeiandika ningeona miguu sita.

Sikuulizi. Nilisema sitauliza. Nakuambia tu hivi: mikono ipo. Yangu, na nimeshaijua. Kinachokosekana hapa ni mtu wa kukaa mlangoni jioni akainua kidole na kusema mnyororo umelegea. Masikio hayatetemeki, mjomba. Chumba cha nyuma baba Kibibi ameshakipaka chokaa, paa halivuji upande wowote. Uje na paka kama hawataki kubaki. Mwambie na fundi viatu, asiposema aliyokatazwa kwa barua atasema kwa mdomo, nitampikia. Nitakufuata stendi mwenyewe na Korongo, wewe ukae nyuma unishike mabega, njia nzima unisomee injini inasema nini, na mimi nitakuwa nakuuliza, haya daktari, leo umesi

Ngoja, mama mkwe anapiga kelele toka uani. "We fundi! Acha barua, mtoe huyo ndege wako!" Muuguzi amesimama mlangoni kalowa chapachapa, mkoba kifuani, anasema gari la zahanati limezama kwenye tope na kule juu kuna mama ambaye